Nati ya Shaba Uani Kwetu

Bamba la alumini liliingia nyumbani kwetu ndani ya sanduku la nguo, limeviringishwa kwenye taulo. Shemeji yangu alikuwa amekuja likizo kutoka Marekani, na kaka yake, mume wangu, alikuwa amemwagiza vitu viwili tu: bamba la kufungia rauta chini ya meza, pamoja na seti ya bushi za shaba. Watoto walikuwa wakingoja chokoleti, baba yao akingoja chuma. Usiku ule alilaza bamba juu ya meza ya kulia, akapitisha kidole gumba kwenye kingo zake, akasema, "Mama watoto, viti vya mama sasa nitavitengeneza mwenyewe."

Viti hivyo vilikuwa ahadi. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Tanga, na posa ya binti yake mdogo ingejibiwa hapa kwetu, Temeke. Mbao za mninga zilikwisha kununuliwa Keko na kukaa kivulini hadi zikakauka. Kilichobaki ni migongo sita yenye mviringo, na mume wangu alitaka ifanane yote, mgeni asiweze kutofautisha cha kwanza na cha mwisho.

Kazi ya kufananisha ndiyo inayohitaji bushi. Rauta ni mashine ya kuchonga mbao inayoweza kuzungusha kisu chake zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Ikining'inizwa chini ya meza, kisu huchungulia juu kupitia tundu la bamba. Bushi ni mrija mfupi wa shaba unaosimama kuzunguka kisu hicho. Kiolezo cha MDF hubandikwa chini ya ubao, kikasuguana na mrija, na kisu kilicho juu ya mrija kikaula ubao kwa kufuata umbo la kiolezo. Kwa njia hiyo kisu cha kawaida kilichonyooka, kinachopatikana duka lolote la vifaa, kinafanya kazi ya kisu chenye beringi ambacho ni cha kutafutwa.

Bushi ni pana kuliko kisu, kwa hiyo kinachokatwa hutoka kikubwa kuliko kiolezo. Bushi yetu ilikuwa ya inchi 5/8 na kisu cha inchi 1/2. Tofauti ni inchi 1/8, ikigawanywa pande mbili ni inchi 1/16, yaani milimita 1.6 hivi kila upande. Mimi ni fundi cherehani, nikamwelewa hapo hapo. Ni kama ninavyokata kitambaa kwa kuhesabu nafasi ya mshono, ila yeye hupunguza pale ninapoongeza. Tukachora kiolezo pamoja, mimi nikishika penseli.

Taabu ilianzia kwenye tundu. Katikati ya bamba huingia pete ya alumini ya kupunguza upana wa tundu, na pete zilizokuja hazikuwa na hata moja yenye ngazi ya kuketisha bushi. Jirani yetu, fundi wa madirisha, akajitolea kutoboa mojawapo kwa msumeno wa tundu wa milimita 30. Akatoboa vizuri, tundu likang'aa. Bushi ikakataa kuingia.

Mume wangu akatoa kipimo cha venia. Bushi hizo ni za mtindo wa Porter-Cable, unaofuatwa na watengenezaji wengi wa Marekani. Shingo yake ni inchi 1 na 3/16, na hiyo kwa milimita ni 30.16. Kilichotuzuia ni sehemu ndogo ya milimita ambayo jicho haliioni.

"Igonge na nyundo ya mpira," jirani akashauri. "Itaingia tu."

"Itaingia, lakini haitakuwa duara tena," mume wangu akamjibu kwa upole. "Na hiki kisu kinataka duara."

Nilimheshimu sana kwa jibu lile. Siku za posa zilikuwa zinahesabika, na mtu mwingine angegonga.

Tukaenda Gerezani kwa fundi wa mashine ya kukereza. Mume wangu alikuwa ameandika vipimo vyote kwenye karatasi: shingo, ukingo wa inchi 1 na 3/8, kina cha ngazi. Fundi akaisukuma karatasi pembeni. "Shemeji," akaniambia mimi niliyeshika mkoba, "nipe bushi yenyewe. Mimi sikerezi karatasi." Akaipima, akaipanua pete hadi milimita 30.2, akachonga ngazi ya milimita 35 ili ukingo wa bushi ukae sawa na uso wa bamba bila kukwaza ubao. Aliposhusha bushi kwenye pete, iliteremka taratibu kwa uzito wake, ikatulia. Sote watatu tuliachia pumzi. Kisha mume wangu akaomba kitu kingine: kifimbo cha chuma cha nusu inchi chenye koni pana mwishoni. Fundi akakikereza kutoka kwenye nondo laini aliyokuwa nayo.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa amekwisha kufika, na nati ya kufungia bushi ilikuwa haionekani.

Nati hiyo ni pete ya shaba yenye kingo za kukwaruza, hufungwa kutoka chini ya bamba. Bila hiyo, bushi imeketi tu, haijashikwa. Tukapekua uani pote. Watoto wakapepeta vumbi la mbao kwa chekecheo la unga. Mimi nikamwaga gunia la mkaa. Hata banda la kuku lilikaguliwa. Jua lilipokuwa linazama, nikaingia chumba cha wageni kufunga dirisha, nikaiona: pazia la lesi limekusanywa vizuri upande mmoja, na limepitishwa ndani ya nati.

"Niliikuta imelala kwenye vumbi," mama mkwe akasema, macho yamemtoka. "Kitu kizuri kama hiki, nikajua ni cha pazia." Mwanawe akacheka kwa furaha, akambusu mkono, na mimi nikamfungia pazia lake kwa utepe wa satini uliobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja.

Kesho yake likaja suala la kiini, yaani kuweka kisu katikati ya bushi. Bushi ya inchi 5/8 ina uwazi wa inchi 17/32 kwa ndani. Kisu cha nusu inchi kikipita humo, kinabakiwa na milimita 0.4 tu kila upande. Rauta ikifungwa kwenye bamba ikiwa imeegemea kidogo, kisu kitakaribia ukuta mmoja na kuukimbia mwingine, na mgongo wa kiti utanenepa upande mmoja. Jaribio la kwanza kwenye kipande cha MDF lilionyesha hivyo hivyo. Akalegeza skrubu zinazoshika rauta, akabana kifimbo mahali pa kisu, akakipandisha hadi koni ikajikita ndani ya bushi na kuivuta mashine yote katikati, ndipo akakaza skrubu moja moja kwa kupishana. Jaribio la pili lilitoka sawa kulia na kushoto.

Migongo miwili ya mwanzo ilitoka mizuri mno. Kwenye wa tatu, sauti ya rauta ikabadilika. Nilikuwa jikoni na pilau ya mchana, nikasikia mlio mkali wa chuma juu ya chuma, kisha mama mkwe akipiga kelele, "Zima! Zima mwanangu!"

Mtikisiko wa mashine ulikuwa umeilegeza nati kidogo kidogo, mahali ambapo hakuna anayeona. Ilipoachia, ikaangukia kwenye shingo inayobana kisu na kurushwa pembeni. Bushi ikainuliwa na kiolezo, ikalala upande, ikagusana na kisu. Shaba ilichanika, ncha ngumu ya kisu ikamegeka, na ubao wa mninga ukapata jeraha refu. Mume wangu alisimama kando ya meza, mkono ungali kwenye swichi. Nilishika vidole vyake nikavihesabu kimoja kimoja, vyote kumi, mbele ya mama yake, bila haya.

Hakuna aliyelaumiwa nyumbani siku ile. Tulikula pilau, kisha tukajadili. Mama mkwe, aliyefunga mabomba ya kisima chake mwenyewe kwa miaka, ndiye aliyesema, "Nati inayotikisika hutiwa mpira." Tukapata oringi kwenye duka la vipuri vya pikipiki, tukaiweka kati ya pete na nati. Mpira ukibanwa husukuma nyuma, na msukumo huo huzuia nati kujifungua. Bushi nyingine ya kipimo kile kile ilikuwemo kwenye seti, kisu kipya kikanunuliwa, na kiini kikapatikana upya kwa koni.

Viti sita vilikalika siku ya posa, na jibu lilikuwa ndiyo. Ubao uliojeruhiwa umekuwa rafu ya nyuzi zangu.

Tangu hapo hakuna anayewasha rauta kwetu kabla plagi haijachomolewa na mkono kupita chini ya bamba kuijaribu nati, kila baada ya ubao mmoja. Binti yetu mkubwa ameshajifunza. Nataka akue na desturi hiyo, kwa mashine na kwa mambo mengine ya nyumba: kinachoshikilia kazi yote kikikaa pasipoonekana, kina haki ya kukaguliwa mara nyingi zaidi kuliko kinachosifiwa na wageni.