Nkt! Maili za Mama Zimebaki Angani

Nkt! Tangu jana jioni nasonya, na leo nimewaambia wenzangu hapa kijiweni, kwa fundi viatu karibu na soko la Jericho hapa Nairobi, kwamba hili jambo siwezi kulimeza.

Jana alipita mama mmoja wa hapa mtaani kutengenezewa zipu ya begi. Sote tunamjua. Anauza mapazia na mashuka soko la Gikomba, na kila mwaka huenda Guangzhou mara mbili, Aprili na Oktoba, wakati wa yale maonyesho makubwa ya Canton ambayo Wachina wameyafanya tangu 1957. Fundi alipoingiza mkono kwenye mfuko wa ndani ili ashike kitambaa vizuri, akatoa rundo la karatasi. Vile vipande vya kupandia ndege. Vingine vimekunjamana, vingine wino umefifia mpaka jina halisomeki. Akavipanga juu ya benchi, kati ya nyundo na kopo la gundi, kama mtu anayepanga karata. Tukahesabu safari: 14, kwenda na kurudi.

Nikamwuliza, "Mama, na maili zako zimefika ngapi?"

Akanitazama. "Maili gani tena, ndugu yangu?"

Hapo ndipo niliposonya mara ya kwanza.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kutoka Nairobi hadi Guangzhou, ndege ikinyoosha moja kwa moja, ni karibu kilomita 8,700. Kwenda na kurudi ni 17,400. Zidisha kwa 14, unapita kilomita 240,000. Huyu mama wa Jericho, anayeamka saa kumi alfajiri kufungua kibanda, ameruka umbali wa kuizunguka dunia mara 6. Na hapo sijahesabu zile safari alizopinda kupitia Dubai au Addis Ababa. Kampuni za ndege zina utaratibu wa kumrudishia abiria kama yeye kitu fulani. Yeye hakupata hata kimoja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfungulia mdomo.

Kijana wa boda boda aliyekuwa ameketi hapo akadakia, "Mzee, hayo ni mambo ya watu wenye kadi." Akatoa simu akatuonyesha video. Mmarekani amelala kwenye kiti kinachokunjuka kuwa kitanda, anakwenda Tokyo, na anasema tiketi amelipa kwa pointi za kadi ya mkopo. Kijana ameshawishika. Anataka kwenda benki mwezi ujao akachukue kadi, alipie kila kitu nayo, kisha pointi zimpeleke Bangkok.

Nilimsihi na nawasihi na ninyi: polepole. Ule mchezo wa Marekani una mwenye kuulipia. Mtu akilipa chakula kwa kadi ya mkopo kule, mwenye mkahawa hukatwa ada, mara nyingi asilimia 2 hivi au zaidi. Sehemu kubwa ya ada hiyo huenda kwa benki iliyotoa kadi, na benki hununua maili kwa jumla kutoka kwa kampuni ya ndege ili iwagawie wateja wake. Kile kitanda cha kwenda Tokyo kimechangiwa na kila duka, na pia na kila mwenye kadi aliyeshindwa kumaliza deni akatozwa riba. Ulaya walipoiwekea sehemu hiyo ya benki kikomo mwaka 2015, isizidi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo, pointi za huko zikakonda.

Sasa njoo kwetu. Hapa Eastlands nani analipa mama mboga kwa kadi? Tunalipa kwa M-Pesa. Mwenye duka anayepokea kwa till hukatwa asilimia 0.55. Katika hiyo asilimia nusu, pesa ya kumpeleka mtu Bangkok itoke wapi? Kisima kifupi hakiwezi kunywesha kijiji. Na kadi zenyewe za mkopo zinazotolewa na benki zetu hutoza riba kwa mwezi, wala si kwa mwaka. Kijana ambaye tayari kila Ijumaa analipa deni la Fuliza kwenye M-Pesa, ukimwongezea kadi ili afukuze pointi, utamkuta Desemba anauza pikipiki. Kama una mshahara na unalimaliza deni lote kila mwezi bila kubakisha shilingi, kadi inaweza kukufaa kidogo. Kama sivyo, iache.

Lakini mama wa mapazia hahitaji kadi yoyote! Hili ndilo linalonikera. Maili alizopoteza ni za kuketi ndani ya ndege, na haki hiyo haina uhusiano na benki. Mpango huu wa maili ulishika kasi mwaka 1981, American Airlines ilipoanza kuhesabu maili za abiria wake, na tangu hapo karibu kila kampuni kubwa ina wake. Kenya Airways inao, unaitwa Asante. Ethiopian ina ShebaMiles, Emirates ina Skywards, Qatar ina Privilege Club ambayo pointi zake huitwa Avios. Kujiunga ni bure. Unaandika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, barua pepe na tarehe ya kuzaliwa, unapewa namba. Namba hiyo ukiitaja wakati wa kununua tiketi, au hata pale kaunta unapopima mzigo, safari inaingia kwenye daftari lako.

Na maili ni za aliyeruka, hata kama tiketi ililipwa na mwingine. Wanawake wengi wa Gikomba na Kamukunji husafiri kwa makundi. Chama kinachanga, ajenti mmoja ananunua tiketi kumi kwa mpigo, kila mtu anapewa karatasi yake siku mbili kabla ya safari. Ajenti haulizi namba. Mimi mwenyewe niliwahi kumwuliza ajenti mmoja kwa nini hawaulizi wateja wake, akanijibu kwamba hawa mama "hawaelewi mambo hayo." Nkt! Mtu anayejadiliana bei na kiwanda cha Yiwu kule China kwa kikokotoo na vidole, anayejua yuani imepanda lini na imeshuka lini, anayelipia konteina mpaka inafika bohari ya Embakasi, huyo ndiye haelewi namba moja ya uanachama?

Tazameni tulivyofanya kwa pointi za Bonga za Safaricom. Kila mtu anajua kwamba shilingi 10 za matumizi ya simu zinazaa pointi 1, kwa sababu tunabonyeza na salio tunaliona. Mwaka 2022 Safaricom ilipotangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka 3 zitaanza kufutwa Januari 2023, nchi ilipiga kelele mpaka mpango ukasitishwa. Na Februari 2023 wafanyabiashara wa Nyamakima, Kamukunji, Gikomba na Eastleigh waliingia barabarani kulipinga duka la Wachina, China Square, lililowashinda bei. Watu wetu wanajua kudai wanachokiona. Hizi maili hazionekani, ndiyo maana zinafifia kimya kimya. Za Skywards, kwa mfano, huisha baada ya miaka 3.

Mama akauliza swali zuri kuliko yetu sote. "Hiyo tiketi ya bure naitaka, lakini itanibebea mzigo?"

Swali la mfanyabiashara hilo. Tiketi ya pointi haiwi bure kabisa, kwa maana ushuru wa viwanja na ada nyingine utalipa. Viti vya pointi ni vichache, na msimu wa maonyesho, wakati kila mtu anaelekea Guangzhou, huadimika zaidi. Kampuni nayo inaweza kupandisha idadi ya maili zinazohitajika wakati wowote. Kwa hiyo usikae miaka kumi ukizilimbikiza kama dhahabu ya bibi. Lakini kwenye mzigo, hapo kuna utamu. Safari ya kawaida unaruhusiwa mabegi 2 ya kilo 23, na kila mama wa Gikomba amewahi kupiga magoti kwenye sakafu ya uwanja wa kule China, anatoa mapazia kwenye begi moja anahamishia jingine, huku foleni nyuma yake inanung'unika na mizani inamkatalia. Abiria anayesafiri mara nyingi na kampuni moja hupandishwa ngazi ya uanachama. Akifika ngazi ya dhahabu kwenye umoja wa Star Alliance, ambamo Ethiopian imo, huongezewa kilo 20 au begi zima bila malipo. Ngazi ya juu ya SkyTeam, umoja wa Kenya Airways, nayo huongeza begi. Begi moja la mapazia kila safari, kwa miaka saba! Mama alinyamaza kidogo, nikaona midomo inacheza. Alikuwa anapiga hesabu ya mita.

Ngazi hizo hazifikiwi kwa kurukaruka. Nilipotazama vile vipande pale benchini, vinne vilikuwa vya kampuni hii, vitatu vya ile, viwili vya nyingine tena, kwa vile kila mara ajenti alinunua iliyokuwa nafuu kwa shilingi elfu moja. Simlaumu mtu kutafuta nafuu. Ila kama tofauti ni ndogo, shikamana na umoja mmoja, uone safari zako zikiongezana. Na uulize aina ya tiketi kabla ya kulipa, maana zile za bei ya chini kabisa huingiza maili chache, nyingine haziingizi chochote.

Tulijaribu kuokoa kilichowezekana. Kampuni nyingi humruhusu abiria kudai maili za safari iliyopita, lakini kwa miezi michache tu, na huhitaji namba ya tiketi pamoja na kile kipande cha kupandia ndege. Kati ya safari zote 14, yenye matumaini ilikuwa moja, ya mwisho. Fundi alikitenga kipande chake, akakipangusa vumbi kwa shati, akakitia ndani ya bahasha. Vile vingine mama alivikusanya akavirudisha mfukoni. Hakusema kitu. Mimi nilisema, na nikasonya.

Na uwanja wenyewe wa ndege, ule wa Embakasi, uko kwetu. Ulijengwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa enzi za Mau Mau, ukafunguliwa 1958, na mpaka leo mtu wa mtaa wa Utawala hulala na kuamka kwa mngurumo wa ndege. Kisha tunaambiwa faida za kuruka ni za watu wa mitaa mingine! Wanaojaza viti vya kwenda Guangzhou ni hawa wa Gikomba, Kamukunji na Eastleigh.

Wewe unayesoma hapa, kama mama yako, dada yako au jirani yako anakwenda China kuleta mzigo, mkalishe leo jioni. Chukua pasipoti yake, nakili majina yote matatu kama yalivyoandikwa, mfungulie akaunti, umwandikie namba kwenye jalada la daftari lake la mauzo. Mwambie asikubali tiketi ya ajenti isiyo na namba hiyo, na asitupe kipande hata kimoja mpaka maili zimeingia. Maonyesho yajayo hayako mbali.