Mkali wa Temeke Anaomba Likizo

Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa na barua pepe. Mimi nina anwani nne.

Ya kwanza niliifungua Yahoo mwaka 2001, kwenye intaneti kafe moja ya Temeke, tulikolipia kwa saa na kukaa watatu kwenye kiti cha mmoja. Fomu ilitaka jina. Kwa umri ule sikuona sababu ya kuandika jina alilonipa baba wakati ninalo la mtaani: Mkali wa Temeke. Ya pili ni Gmail. Hiyo ilitangazwa Aprili 1, 2004, Siku ya Wajinga, ikiahidi gigabaiti nzima bure, na wengi wakadhani ni mzaha. Kuipata ilikuwa mpaka ualikwe na aliyemo ndani, kama harusi ya kadi. Nilimbembeleza binamu yangu aliyekuwa masomoni Uingereza miezi miwili. Ya tatu nilipewa kazini. Ya nne ni ya kamati ya harusi ya mdogo wangu, ambako mimi ni mhazini, cheo anachopewa mtu aliyechelewa kufika kikaoni.

Nilikuwa nazizungukia moja moja kama mkusanya ushuru wa soko, nywila zote nne nimeziandika kwenye karatasi chini ya kibodi. Ndipo mpwa wangu, anayesomea kompyuta chuoni, akaja likizo.

“Shikamoo, mjomba. Hivi bado unaingia moja moja?”

Alivyosema “bado”, ungedhani kanikuta nasaga mahindi kwa kinu. Dakika ishirini na soda moja baadaye, barua zangu zote zilikuwa zinaingia kwenye kisanduku kimoja.

Ilikuwa kama kulaza ukoo mzima chumba kimoja. Mwana wa mfalme anayetaka kunigawia urithi alikaa bega kwa bega na mhasibu anayenidai risiti za safari. Bei ya maturubai ilikuja juu ya ajenda ya kikao cha idara. Hata hivyo mambo yalikwenda, kwa sababu nilikuwa najibu tu, na programu hujibu kwa anwani ileile iliyopokea. Nikaanza hata kuwacheka wenzangu wanaoingia moja moja.

Wiki ya tatu niliandika barua mpya. Barua mpya haina ilikotoka, kwa hiyo programu huituma kwa anwani kuu, na anwani kuu huwa ile iliyoingizwa kwanza. Mpwa wangu, kijana mwenye adabu, alikuwa ameanza na ile kongwe kuliko zote.

“Kwa heshima na taadhima,” nilimwandikia Mkurugenzi, “naomba likizo ya siku kumi na nne.”

Gmail humpa mtu kati ya sekunde 5 na 30 za kutubu baada ya kubonyeza. Mimi ningehitaji siku mbili, maana nilijua siku ya pili, katibu muhtasi aliponipigia: “Samahani, Mkurugenzi anauliza, huyu Mkali wa Temeke yuko idara gani?”

Nilimpigia mpwa. “Mjomba, si ungeangalia palipoandikwa ‘Kutoka’?”

Nani anaangalia hapo? Barua yangu najua inatoka wapi, inatoka kwangu. Ray Tomlinson alipoichukua alama ya @ mwaka 1971 ili kutenganisha jina la mtu na la kompyuta yake, nadhani hakumfikiria mtu mzima mwenye kitambi anayeitwa Mkali. Basi tukaifanya ya ofisi kuwa anwani kuu, nikalala usingizi.

Kumbe programu ilikuwa imechanganya na vitabu vya anwani. Jumamosi nikakaa kuwakumbusha wadaiwa wa kamati. Nikaandika herufi tatu, “Mwe”, nayo ikanimalizia: Mwenyekiti. Nikaandika kwa ukali wa kihazini: “Mzee, mbuzi hanunuliwi kwa ahadi. Ulisema elfu hamsini mbele za watu. Leta.”

Safari hii niliangalia “Kutoka”. Ilikuwa sahihi kabisa: jina langu kamili, cheo, nembo ya ofisi na namba ya simu. Aliyeipokea alikuwa mwenyekiti wa bodi yetu, mtu niliyewahi kumwona mara moja tu, kwa mbali, akikata utepe.

Jumapili sikula. Mke wangu akadhani ni malaria.

Jumatatu asubuhi simu ililia: elfu hamsini imeingia, na nyuma yake jibu la mstari mmoja, “Samahani kwa kuchelewa. Naomba risiti.”

Risiti nimeshaiandika. Imekaa wiki ya pili sasa, kwa kuwa sijaamua niitume kwa anwani ipi. Mwenyekiti wa kamati yetu hajalipa mpaka leo.