Karibuni, Mlango Uko Wazi

Wana Muleba, hongereni: mmo kwenye The Lancet! Mwaka 2018 jarida hilo la London lilichapisha majaribio ya vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayovunja usugu wa mbu kwa dawa, yaliyofanywa katika makundi 48 ndani ya vijiji vyenu. Vilivishinda vya kawaida, maana mbu wenu walishazoea dawa ya zamani. Watoto walitobolewa vidole, damu ikapimwa malaria, makala ikatolewa bure kwa dunia nzima. Muuza senene wa Bukoba naye ruksa kuisoma. Atafute tu simu janja, bando na Kiingereza cha kitakwimu. Ati ukurasa mmoja wa Kiswahili ubandikwe zahanati? Acheni deko! Sera ya makala huria ilisema mlango uwe wazi. Haikusema mkaribishwe ndani.