Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Mawimbi

Kwa: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Nakala: Yeyote aliyepata mtandao leo

YAH: PONGEZI KUTOKA BARIADI

Waheshimiwa,

Wakazi wa Mkoa wa Simiyu, ambao sensa ya 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 2.1, wanaleta pongezi. Minara ya simu hupimwa, na habari njema husikika: mionzi iko chini ya kiwango. Wananchi wamefurahi sana. Kimebaki kijambo kimoja tu, nacho ni kuambiwa kiwango chenyewe ni kipi.

Si siri. Miongozo ya ICNIRP, jopo la kimataifa la wataalamu wa mionzi isiyoayonisha, inataka mwananchi wa kawaida asifikiwe na zaidi ya wati 4.5 kwa kila mita ya mraba kwenye masafa ya megahezi 900, na wati 9 kwenye megahezi 1800. Kwa mwili mzima, kikomo kimewekwa mara 50 chini ya pale ambapo joto linaweza kuanza kudhuru. Ni namba nzuri, zenye adabu, ila zimezoea hewa ya ofisi za Arusha na Dar es Salaam. Safari ya wilayani Itilima bado hazijaizoea.

Uvumi kuhusu minara, kwa upande wake, hauhitaji bando. Unafika gulioni kabla ya mnada kuanza. Na wilaya yetu ya Meatu isichekwe: mwaka 2020, katika Uingereza yenye vyuo vyote vile, watu walichoma minara wakiamini 5G inaeneza korona.

Yupo basi mkulima anayepulizia pamba sumu ya wadudu bila barakoa, kisha anatua bomba chini na kuanza kuuogopa mnara. Hajui kwamba antena ya mnara hurusha mawimbi mbali juu ya mapaa, na kwamba umbali ukiongezeka maradufu nguvu hubaki robo. Kitu kilicho karibu naye kuliko vyote ni simu yake ya kitochi. Kwenye masafa ya megahezi 900, simu ya GSM inaweza kurusha hadi wati 2 inapohangaika kuutafuta mnara wa mbali. Mnara ukiwa jirani, hushuka hadi miliwati chache. Kwa hiyo anayeshukuru kwamba mnara haujafika kijijini kwake, kisha anapanda kichuguu kupiga simu, ndiye anayejibandika mawimbi mengi zaidi sikioni.

Pongezi ziwaendee, Waheshimiwa, kwa kumwachia agundue mwenyewe.

Hofu ya saratani nayo ina historia. Mwaka 2011, shirika la utafiti wa saratani la IARC liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la 2B, yaani “huenda”, kundi ambalo baadaye liliingizwa pia dondoo la jani zima la mshubiri. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Habari hiyo ingefaa kusomwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, na mzee asiyeielewa afafanuliwe kwa Kisukuma.

Wafaransa walionyesha njia Septemba 2023. Walipima iPhone 12, wakakuta wati 5.74 kwa kila kilo ya mwili pale kikomo cha mkononi ni 4, wakasimamisha mauzo na kutangaza namba hadharani. Apple ikarekebisha programu.

Ombi la Simiyu ni dogo kuliko hilo. Kwenye uzio wa kila mnara libandikwe bango lenye namba mbili, kilichopimwa na kikomo, pamoja na tarehe ya kipimo. Bango halili umeme wala halihitaji kamati.

Wakati majibu yakisubiriwa, msomaji mwenye simu janja abonyeze *#07#; simu nyingi zitamwonyesha kiwango chake cha mionzi. Na pale mtandao unapoyumba, aweke spika na kuitoa simu sikioni.