Aliyekopa Hayupo

Mwezi wa tatu mpwa wangu alinikopa shilingi 80,000. Alikuja jioni na shikamoo mbili, moja ya mlangoni na nyingine baada ya kukaa. Mtu mzima mwenye akili angejua kwamba shikamoo ya pili ina bei. Aliahidi kurudisha mwisho wa mwezi, ila hakutaja mwezi gani.

Jumapili iliyopita nikamdai. Hakukasirika, wala hakunipa ile hadithi ya mshahara uliochelewa. Alifumba macho, akavuta pumzi kama anayepimwa kifua, kisha akasema kwa upole:

"Mjomba, aliyekopa ile hela hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Hakuwahi kuwepo. Tunadhani tu kwamba yupo."

Kumbe siku hizi hupita Upanga, kwenye hekalu la Wabudha, lile lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka enzi za mkoloni, ambalo wengi tunalipita tukidhani ni la Wahindu. Huko ameokota neno la Kipali, anatta, yaani hakuna nafsi. Na hekalu sina ugomvi. Kinachonikera ni kwamba katika mafundisho ya miaka zaidi ya elfu mbili kijana amechagua lile moja lenye nafuu kwa mdaiwa.

Tangu hapo hata Kiswahili chake kimebadilika. Shuleni tulifundishwa kwamba kitenzi hubeba kiambishi cha nafsi: nimekopa, umekopa, amekopa. Huwezi kukopa kwa Kiswahili bila kuacha alama mlangoni. Lakini kuna kichochoro kimoja, ile hu- ya mazoea: mimi hula, wewe hula, yeye hula, nafsi haionekani popote. Mpwa wangu amehamia humo na mizigo yake yote. "Hukopa, mjomba. Husahau." Nani? Kimya.

Mtu anayedai 80,000 husoma haraka. Nikaazima vitabu.

Nikakuta kwamba hotuba ya pili ya Budha baada ya kuamka kiroho ilikuwa juu ya jambo hilihili. Aliwakalisha wenzake watano pale Isipatana, karibu na Varanasi, akamfungua binadamu kama fundi anavyofungua injini, vipuri vitano: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia, na fahamu. Kwa kila kimoja akauliza kama kweli ni chako. Kingekuwa chako, ungekiamuru kikatii.

Hapo, nikiri, alinipata. Goti langu la kulia nimeliamuru miaka mitatu liache kuuma, halijajibu barua. Tumbo nimelipa notisi ya kuhama, linaongeza vyumba. Nywele ziliondoka bila kuaga. Nimekuwa kama mwenye nyumba ambaye wapangaji wake wote wanajua anapolala na hakuna anayemheshimu.

Kisha kuna kitabu cha mfalme Milinda, ambaye Wagiriki wenzake walimwita Menander, aliyetawala kaskazini magharibi mwa Bara Hindi karne ya pili kabla ya Kristo. Alimuuliza mtawa Nagasena jina lake, mtawa akalitaja, halafu akasema hilo ni jina tu, ndani yake hamna mtu. Mfalme akaja juu kama mimi Jumapili ile. Nagasena akamuuliza amefikaje. Kwa gari la kukokotwa. Gari ni magurudumu? Hapana. Ni ekseli? Ni nira? Hapana. Basi gari liko wapi?

Mimi nina baiskeli. Rimu nimebadilisha, mnyororo nimebadilisha, pedeli na tandiko ndiyo usiseme. Iliyobaki ni fremu, nayo imechomelewa mara mbili. Nagasena angeitumia kufundishia. Lakini ikiibwa kesho, polisi sitawaambia limeibwa jina.

Na hapo ndipo nilipopiga kelele peke yangu sebuleni, kwa sababu mtawa yuleyule, katika kitabu kilekile, anasimulia habari ya mwizi wa maembe. Mtu kachuma maembe ya wenyewe, kashikwa, kajitetea kwamba aliyochukua si yale yaliyopandwa na mwenye shamba. Yaliyopandwa yalikuwa ardhini, haya yalikuwa mtini. Je, ana kosa? Mfalme akasema ana kosa, maana maembe haya yametokana na yale. Vivyo hivyo mwanga wa taa: wa usiku wa manane si ule wa magharibi, ila ni taa ileile imewaka usiku kucha. Hakuna nafsi isiyobadilika, sawa, lakini tendo linamfuata mtendaji mpaka mlangoni.

Nikampigia mpwa wangu simu nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hapo hatujafika, mjomba."

Nilitegemea msaada kwa mke wangu, ambaye ni mwanakwaya na hapendi upotofu. Badala yake akafurahi. Eti jambo hilo si geni: Yesu alikwisha sema anayetaka kumfuata ajikane mwenyewe, na Paulo akawaandikia Wagalatia kwamba si yeye tena anayeishi. "Wewe ndiye umejaa mimi, mimi," akaniambia, huku akinipakulia ugali kidogo kuliko kawaida.

Nikajitetea kwamba si kitu kimoja. Kwake hata ukijikana kuna anayekuita kwa jina na kuhesabu nywele zako (kazi ambayo kwangu imekuwa nyepesi), na siku ya mwisho utafufuliwa wewe, si jirani. Agostino, aliyezaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354, aliingia ndani ya nafsi yake chumba kwa chumba katika kitabu chake cha Maungamo, akipekua hata stoo ya kumbukumbu, na aliyekuwa akimtafuta humo ni Mungu. Budha aliingia nyumba ileile, akaona vyumba havina mwenyewe, akatoka amepumua. Kwa mke wangu nafsi ni mkopo: umepewa, na aliyekupa atauliza. Kwa mpwa wangu hakuna mkopaji.

"Umeona?" akasema mke wangu. "Hata kwa Mungu umeweka daftari la madeni."

Kitu kimoja tu kilinipa nguvu. Mtu mmoja aitwaye Vacchagotta alimwendea Budha akamuuliza kinagaubaga: nafsi ipo au haipo? Budha akanyamaza. Hakusema ipo, hakusema haipo, mpaka muulizaji akaondoka zake. Bwana mkubwa mwenyewe alinyamaza. Mpwa wangu, mwenye Jumapili sita za hekaluni, ana jibu.

Nikamtumia habari hiyo kwa simu, bila salamu. Siku mbili kimya. Juzi usiku simu ikalia: nimepokea shilingi 30,000. Mtumaji ametajwa kwa majina yake yote matatu, herufi kubwa tupu, la kwake, la baba yake na la babu yake, pamoja na saa na dakika.

Nikamwandikia kuuliza ile 50,000 iliyobaki.

Akajibu kwa neno moja: "Huja."