Barua kutoka ughaibuni: barabara isiyokwenda popote

Trakdei ni siku ambayo mwenye pikipiki hulipa fedha ili aruhusiwe kukimbiza pikipiki yake kwenye barabara isiyokwenda popote. Ni duara la lami lenye kona. Anayeingia asubuhi hutoka jioni palepale alipoingilia, amechoka, amefurahi, na hajabeba abiria hata mmoja. Uingereza jambo hili ni la kawaida. Kwa kuwa maswali kutoka nyumbani Namswea, Mbinga, kuhusu picha iliyotumwa huko (mtu kavaa ngozi mwili mzima, goti linakwangua lami, na bado hajaanguka) yamekuwa mengi, linaelezwa hapa kwa utaratibu.

Kiwanja kinachojulikana sana kusini mwa nchi ni Brands Hatch, katika kaunti ya Kent, si mbali na London. Zamani palikuwa bonde la majani katika shamba la mkulima wa uyoga. Mwaka 1926 waendesha baiskeli walianza kushindana humo, wakafuatwa na pikipiki, na mwaka 1950 pakawekwa lami. Duara lake fupi lina urefu wa kilomita 1.944. Kona ya kwanza, Paddock Hill, hukata kulia na papo hapo barabara huporomoka, kiasi kwamba mgeni hufika chini kabla ya tumbo lake. Aliyewahi kuteremka kutoka Mbinga kuelekea ziwani akiwa nyuma ya dereva mwenye haraka hahitaji maelezo zaidi.

Na hapo ndipo swali la mtu wa Mbinga huanzia: kona zinalipiwaje? Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi, kona ni nyingi na zote ni za bure. Swali ni la haki. Jibu ni kwamba hazilipiwi kona, hulipiwa vitu visivyokuwepo. Hakuna lori la makaa ya mawe linalochomoza mbele. Hakuna mbuzi, hakuna mzee na baiskeli yake, hakuna trafiki chini ya mti. Wote huenda upande mmoja, na pembeni wamesimama watu wenye bendera na gari la wagonjwa limeshawashwa. Kwa utulivu huo mtu hutoa pauni mia na ushee kwa siku, yaani zaidi ya shilingi laki tatu, bila kuhesabu mafuta na matairi.

Taratibu zenyewe huanza alfajiri. Kwa kawaida pikipiki haiendeshwi kwenda kiwanjani. Hubebwa kwenye gari, imefungwa kamba kama ng'ombe wa mnada. Kule nyumbani pikipiki ndiyo hubeba: gunia la kahawa la kupeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika, godoro, mgonjwa, wakati mwingine na jeneza. Huku ndiyo hubebwa, kisha husimamishwa juu ya vyuma viwili ili matairi yasiguse chini, na matairi hayo huvishwa blanketi. Huu si mzaha. Ni blanketi la umeme, moja la mbele na moja la nyuma, na hupasha mpira moto hadi nyuzi 80 hivi ili ushike lami tangu mzunguko wa kwanza. Mwenye pikipiki husimama kando akitetemeka kwa baridi. Wamatengo wanaojua asubuhi ya Julai milimani wanaweza kuamua wenyewe nani kati ya hao wawili alistahili blanketi.

Baada ya hapo huonyeshwa leseni na kutiwa sahihi karatasi ambayo, ukiondoa maneno mengi, inasema kwamba anayeanguka asimtafute mtu. Bima ya kawaida ya barabarani kwa desturi haihusiki na mambo haya. Kisha hupimwa kelele. Mpimaji huweka chombo karibu na ekzosi, na pikipiki inayozidi kikomo, ambacho mara nyingi ni kati ya desibeli 98 na 105 kutegemea kiwanja na siku, hurudishwa kwenye gari. Wapo vijana wa Mbinga Mjini waliotoboa ekzosi kwa makusudi. Hao wangesafiri bure.

Vioo huzibwa kwa utepe au hung'olewa kabisa. Nyumbani dereva wa bodaboda huvua vioo kwa hiari yake na kupigwa faini. Huku huvivua kwa amri. Sababu yake ina akili: anayepita ndiye mwenye jukumu, na aliye mbele hatakiwi kugeuka wala kubabaika. Kwa wanaojifunza, klabu nyingi huruhusu kupita kwa upande wa nje tu wa kona. Bendera ya njano ni tahadhari, hakuna kupita. Nyekundu, wote wanapunguza mwendo na kurudi. Nyeusi humhusu mtu mmoja, naye kwa kawaida anajua alichofanya.

Waendeshaji hugawanywa makundi matatu: wanaojifunza, wa kati na wa kasi. Kila kundi huingia kwa zamu, dakika 15 hadi 20, kisha hutoka kunywa chai na kusimulia dakika hizo kwa muda wa dakika 40. Mtu wa kundi la kati akizunguka Brands Hatch kwa dakika moja hivi, na akapata zamu saba za robo saa, jioni amemaliza kilomita 200. Ni Mbinga kwenda Songea na kurudi. Hakuna mshindi, hakuna zawadi, na klabu nyingi hukataza hata kujipima muda, kwa kuwa kukiwa na saa kunakuwa na mashindano, na kukiwa na mashindano bima ni nyingine.

Siku za namna hii huandaliwa na klabu na kampuni. Neno klabu lisichanganywe na kilabu cha pombe ya komoni, ingawa ufanano upo: katika vyote viwili mtu huapa jioni kwamba harudi tena, na wenzake hawamwamini.

Suala la kurudi au kutorudi ndilo zito kuliko yote. Lilisikika vizuri mwishoni mwa msimu, nyuma ya gari moja pale Brands Hatch, ambako fundi bomba wa makamo alikaa kwenye kiti cha kukunja, ngozi imeshushwa hadi kiunoni, akihesabu sababu kwa vidole bila kuvua glovu. Mwaka mzima alikuwa ameisusa klabu yake. Sasa amerudi kwa siku moja, kuonja.

Kidole cha kwanza kilikuwa bei, nacho alikishusha haraka. Bei ni ya kulalamikia tu. Jozi ya matairi laini ya kiwanjani humalizika kwa siku chache, na mtu anayeweza kununua hayo hahami klabu kwa sababu ya pauni kumi. Cha pili kilikuwa mvua: ikinyesha fedha hairudi, lakini hilo aliliacha kwa Mungu. Cha tatu alikaa nacho. Wapo wenye kasi ambao hujiandikisha kundi la chini, wengine kwa sababu kundi la juu limejaa, wengine kwa sababu huko juu wao si kitu. Ni mtu wa darasa la saba kurudi darasa la tatu ili awe wa kwanza. Hupita wenzao kwa ndani ya kona, karibu kiasi cha kugusana viwiko. Mgeni hushtuka, huanguka, bendera nyekundu hutoka, na kundi zima hupoteza zamu yake. Kabla hajasusa, wasimamizi waliona wakanyamaza, maana waliohusika walikuwa wateja wa siku nyingi. Kidole hicho hakukishusha.

Dereva wa yeboyebo, yaani bodaboda, wa Songea angemwelewa bila mkalimani. Kijiwe hakivunjwi na ada. Huvunjwa na foleni. Mwenyekiti akimwacha rafiki yake achukue abiria ambaye si zamu yake, siku ya pili watu hunung'unika, ya tatu huhamia kijiwe cha jirani. Baada ya wiki mbili hurudi, kwa sababu abiria wako palepale na kijiwe cha jirani nacho kina mwenyekiti.

Fundi bomba naye alikuwa amehama. Klabu ya pili, alisema, ilikuwa na nidhamu nzuri, wakufunzi wazuri, na hakumjua mtu. Alikunywa chai peke yake mara saba kwa siku. Hiyo ilikuwa hoja ya kurudi, na ilionekana kumwaibisha kidogo, kwa hiyo aliitaja akiwa ameinama anakagua mnyororo. Hoja nyingine ilikuja mchana huohuo. Kijana mmoja alipita mtu kwa ndani pale Paddock Hill. Kabla hajamaliza mzunguko bendera nyeusi ilikuwa inamsubiri, na zamu iliyofuata alionekana nje ya uzio, kavaa ngozi zake zote, akitazama wenzake. Fundi bomba alimtazama kwa muda mrefu. Jioni alijiandikisha siku mbili za mwezi Aprili.

Kuhusu ombi la kutumiwa pikipiki moja ya namna hiyo: taa zimetolewa, kiti cha abiria kimeng'olewa, keria haina na pa kuifunga hapapo. Gunia la kahawa halikai.