YAH: MALALAMIKO KUHUSU HATI ZA KUMBUKUMBU ISIYOKUWAPO

Kwa Mheshimiwa Kerneli ya Linux,
Msimamizi Mkuu wa Kumbukumbu za Kompyuta

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 za orodha ya TOP500 ziko chini yako, hivyo hakuna mwanasayansi wa hesabu kubwa asiyepita mezani kwako.

Sisi wakongwe tuliishi chini ya utawala wa biti 32. Anwani ziliishia gigabaiti 4, na Windows ikajimegea nusu. Mchakato mmoja ukaachiwa 2. Matriksi ya 16,384 kwa 16,384, kila namba baiti 8, ilizimaliza zote, programu yenyewe ikakosa pa kukaa. Ukiomba, unajibiwa: kumbukumbu haitoshi. Jibu chungu, ila lilitolewa kabla kazi haijaanza.

Wewe una adabu zaidi, ni nadra kumkatalia mtu. Mtafiti mwenye seva ya gigabaiti 64 anaomba matriksi mbili za 70,000 kwa 70,000, gigabaiti 39.2 kila moja. Kwa utaratibu wako wa kawaida kila ombi unalipima peke yake: la kwanza linaingia, muhuri, la pili nalo, muhuri. Kurasa zenyewe huzitoi mpaka programu ianze kuandika ndani yake. Ndivyo afanyavyo ofisa ardhi anayewauzia watu wawili kiwanja kimoja, akiomba Mungu mmoja wao asije kujenga.

Bahati mbaya wote hujenga. Usiku wa manane matriksi ya pili inajazwa, kumbukumbu inakwisha, na unamtuma yule muuaji wako wa zamu, OOM (yaani “kumbukumbu imekwisha”). Kila mchakato una alama zake, na kadiri unavyotumia kumbukumbu nyingi ndivyo alama zinavyopanda. Yaani anayefanya kazi kuliko wote ndiye wa kwanza kunyongwa. Kisha inakuja ishara namba 9, ambayo programu haiwezi kuizuia wala kuisikia, kwa hiyo hakuna kuhifadhi hata mstari mmoja wa matokeo. Asubuhi mtafiti anakuta 137 kwenye skrini. Ni 128 kujumlisha 9. Ndizo rambirambi za serikali.

Wenye kinga wapo, bila shaka. Bwana sshd, bawabu wa mlangoni, amejiandikia -1000 kwenye marekebisho ya alama zake na haguswi.

Utetezi wako tunaujua: programu kubwa ikijinakili ili izae mtoto mdogo, nakala hiyo haitatumika yote, na kuidai kumbukumbu kamili ni kuikwamisha bure. Kweli kabisa. Hata seva ya tovuti ukiiua huwashwa tena, wateja wasijue. Hesabu ya siku tatu haina bahati hiyo, labda mwenyewe awe amekumbuka kuhifadhi njiani.

Tunaomba basi, kwenye mashine za sayansi, kigezo chako cha ahadi, overcommit_memory, kiwekwe 2, ili ahadi zisizidi ghala. Ila usituletee pamoja nayo ule uwiano wako wa kawaida wa asilimia 50: seva ya gigabaiti 64 isiyo na swapu itaahidi 32 tu, na matriksi hata moja hatutaipata. Anza na 90.

Wako mtiifu kwa kukosa pengine pa kwenda,

Mtumiaji wa kawaida, asiye na nywila ya msimamizi

Nakala: sshd (kwa taarifa tu)